Namba Tano

Disketi thelathini na moja nilizinakili chuoni
kwa zamu ya usiku, mlinzi akijifanya hanioni.
Ya kumi na saba ilikuwa na kovu.
Nikarudi kwa miguu juu ya barafu, nikainakili tena,
nikaileta nimeipakata kifuani kama kifaranga.

Petersburg, Februari ya tisini na saba.
Chumba changu ni cha mwisho ukumbini,
kupita baiskeli isiyo na mwenyewe
na makabati ya watu wasioaminiana.
Jiko moja, bafu moja, simu moja ukutani,
na mlango mmoja wenye kengele moja:
mara moja kwa akina Tishchenko,
mara mbili kwa mwanajeshi mstaafu asiyepata wageni,
mara tatu kwangu,
mara nne kwa Zinaida Arkadyevna.
Mara tano haina mtu
tangu Kapitolina, dada yake, azikwe Oktoba.

Linux ikaamka. Herufi nyeupe zikateremka
kwenye kioo cheusi, mbio mbio,
kama mtu anayetoa ushahidi akihofia kukatizwa.
Kumbukumbu: imeonekana. Diski: imeonekana.
Kadi ya mtandao: ipo.
Kadi ya sauti: ipo.
Lakini nikiiambia iseme
inatoa nusu sekunde, ile ile, tena na tena,
kigugumizi cha bati,
kisha kila kitu kinaganda.

Nilizima. Niliwasha. Nilibembeleza.
Niliijenga kerneli upya, saa nne nzima,
feni ikinguruma chini ya meza,
miguu yangu ikiota joto lake.
Hola.
Nikamlaani mtengenezaji, na mama mzaa mtengenezaji,
kwa sauti ya juu bila shaka,
maana mlango ulifunguka.

"Gleb, unagombana na nani saa hizi?"
Zinaida, gauni la flaneli, birika mkononi.
Nikamweleza kwa ukali wa mtu asiyetarajia kueleweka:
humu ndani kila kadi ina namba yake ya kuita.
Ikitaka kitu inaita,
na ubongo unaacha kazi yake unakwenda kusikiliza.
Hizi mbili zote zinaita kwa tano.

Akaweka birika juu ya vitabu vyangu.
"Yaani wewe na Tishchenko mmepewa mlio mmoja.
Ikilia mnatoka nyote na ndara zenu,
mnagongana gizani, mnaanza kutukanana,
na mgeni yuko nje kwenye theluji."

Miezi mitatu ya kusoma,
na hakuna ukurasa ulioniambia hivyo.

"Basi mmoja abadilishiwe."

Kidaraja chenyewe ni cha plastiki,
kidogo kuliko punje ya mtama,
kimeng'ang'ania sindano mbili kati ya kumi.
Vidole vyangu vikawa magogo.
Akaenda, akarudi na kibano cha nyusi zake,
akashika tochi karibu mno, nywele zake zikinuka vitunguu,
akawa ananiongoza kana kwamba yeye ndiye aliyeisoma michoro:
kushoto, kushoto, taratibu, usiivunje.
Nikakivuta. Nikakihamishia kwenye saba.
Saba ni ya printa, lakini printa sina.

Tukawasha. Ushahidi ukateremka tena.
Nikaandika amri, nikakosea herufi, nikaandika upya,
na mbwa akabweka.
Mara moja. Safi. Mbwa mkubwa, wa mahali penye nafasi.
Zinaida akaruka, chai ikanyunyiza ukuta,
upande wa pili mwanajeshi akagonga kwa kiatu.

"Tena," akasema.
Mbwa akabweka.
"Tena."

(Usiku uleule kipanya kilikufa,
na sikujua sababu mpaka Pasaka.)

Alipofika mlangoni na birika lake lililopoa
akageuka, si kwangu, kwa lile sanduku lililo wazi,
nyaya nje kama matumbo ya samaki.
"Na hiyo tano, sasa ni ya nani?"
"Ya kadi ya mtandao. Peke yake."
"Haya," akasema. "Mradi inaitika."